Nyumba Isiyoomba Moto

Asubuhi ile, kabla mambo hayajaharibika, mke wa Shila alikuja na kigae chake kuomba moto. Alikuja hivyo kila jiko lake lilipozimika, na kila mara mama mkwe wangu alimkalisha kwanza. Alimuuliza habari za nyumbani, za mtoto, za ng'ombe mwenye kidonda, hata za kuku, ndipo akainama jikoni kumchagulia kaa moja zuri. Hakuwa na haraka ya kulitoa. Nyumba yetu pale Kinyangiri ilikuwa nyumba inayotoa moto, haikuwa nyumba inayoomba, na mama mkwe alitaka kila aliyekuja alijue hilo kabla hajaondoka. Moto ule aliukuta unawaka alipoletwa bibi harusi kwa wakwe zake. Aliulinda miaka yote kwa magogo na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Siku nilipoolewa mimi, alinishika mkono akanikalisha mbele ya mafiga, akasema, "Huyu ndiye mumeo wa kwanza. Yule mwingine anatoka na kurudi."

Yule mwingine alikuwa Msengi, mwanawe pekee aliyebaki hai. Wakati ule sikuwa nalitaja jina lake. Mke kwetu hakulitaja jina la mumewe, na mbele ya mama mkwe ndiyo kabisa. Sasa nimezeeka, sina wa kumwonea haya, nalitaja nipendavyo. Msengi. Mrefu, mweusi, mwenye pengo la jino la mbele lililovunjwa na mpini wa sururu huko Sekenke. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu ya Wadachi, kama vijana wengi wa Iramba walivyokwenda. Dhahabu yenyewe hakurudi nayo hata chembe. Alirudi na jiwe jeupe lenye ukingo mkali, lile wanalolivunja na kulitupa wakishatoa mali yao, na kipande cha tupa iliyovunjika, ile ya kunolea vyuma, na ujuzi aliofundishwa na Mnyamwezi mmoja waliyelala naye kibanda kimoja. Baba yake Mnyamwezi yule alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu, na watu wa misafara hawakuwa na jirani wa kumwomba moto njiani.

Basi siku ile mke wa Shila alipoondoka na kaa lake, Msengi alinivuta nyuma ya tembe.

"Njoo nikufundishe," akasema. "Usije ukakalishwa namna ile na mtu."

Alichuchumaa. Katika pembe ya mbuzi aliyoiziba kwa nta alikuwa na vipande vya kitambaa cheusi, kaniki kuukuu iliyounguzwa ikafunikwa kabla haijawa majivu. Akaweka kipande kidogo juu ya jiwe, pale kwenye ukingo, akakibana kwa dole gumba. Kisha akateremsha tupa, mara moja, mara ya pili. Cheche zikaruka. Moja ikatua juu ya kitambaa ikabaki pale, kidoa chekundu kidogo kama punje ya uwele, kikaanza kutambaa. Akakiweka ndani ya nyasi kavu alizozisokota, akapuliza taratibu. Moshi, halafu moto huo! Nikapiga kelele kama mtoto.

"Haya, zamu yako."

Nilijipiga vidole. Nilipiga jiwe mpaka likamenyeka. Msengi akacheka mpaka pengo likaonekana lote. "Usipige kama unapasua kuni, binti Kitundu. Kwangua. Kama unavyokwangua ukoko chunguni." Ukoko naujua. Nikakwangua, cheche zikatoka, nikashtuka nikaitupa tupa chini. Akacheka tena, nikakasirika kweli kweli, nikamwambia akapike mwenyewe kwa mawe yake. Akanishika kifundo cha mkono, akauongoza mkono wangu polepole, juu, chini, juu, chini. Mpaka leo nikifumba macho naujua uzito wa mkono ule.

Siku kadhaa zilipita kabla sijaupata moto wangu mwenyewe. Nilipoupata alikuwa ng'ombeni, nikakimbia kumwita, na tulipofika ulikuwa umeshazimika. Akaniamini hata hivyo. Aliniambia siri haimo katika jiwe wala katika tupa. Jiwe likilowa unalipangusa, tupa ikilowa unaipangusa. Kitambaa kikilowa, umekwisha.

Mama mkwe hakuutaka moto ule jikoni kwake hata kidogo.

"Umepewa na nani?" alimuuliza mwanawe.

"Na jiwe, mama."

"Na jiwe umelisalimia?" Akatema mate pembeni. "Moto wa mawe hauna kwao. Moto wa watu una aliyeutoa na aliyeupokea. Ukipikia huo, mimi sili." Kweli hakula. Msengi alipika mahindi mabichi nje kwa moto wake, mimi na yeye tukala tukichekana, na mama mkwe akakaa mlangoni ametupa mgongo, njaa inamuuma na hataki kusema. Nilikuwa na furaha siku zile. Sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe, nilidhani ni mwanzo wake tu.

Vita tulidhani vimeshatupita. Wadachi walikuwa wameondoka, Waingereza wakaingia katika boma la Mkalama wakapandisha bendera yao, na jumbe akapita kutuambia kwamba mabwana wamebadilika na kodi iko pale pale. Vijana walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenda kusini, lakini zamu hizo za kwanza hazikugusa nyumba yetu. Tulilima. Uwele ulikubali mwaka ule. Na mimi nilianza kuchukia harufu ya maziwa, nikamnong'oneza Msengi, naye akanyamaza kwa furaha, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Tulikubaliana tusimwambie mama yake mpaka mimba ijionyeshe yenyewe.

Tulikuwa tumeshavuna, nyasi zimekauka, watu walipoanza kupita mbio kutoka upande wa magharibi. Walisema Wadachi wamerudi. Kundi zima la askari na wazungu wao limekatiza pori, lina njaa, linachukua ng'ombe, linachukua nafaka, linachukua kila mwanamume mwenye mabega, na linakwenda kulipiga boma.

"Wamerudi vipi na walishaondoka?" mama mkwe aliuliza, kana kwamba watu wale wamemdanganya makusudi.

Kesho yake tuliisikia bombom kutoka upande wa Mkalama. Wengi wetu hatukuwahi kuisikia bunduki ile inayopiga mfululizo bila kupumua. Ng'ombe walisimama wakageuza masikio. Msengi hakungoja. Alifunga mtama, akachukua mkuki na blanketi, akatuambia twende kwenye majabali, kule miiba ilikosongamana juu ya mteremko. Shila na mkewe walikuja nyuma yetu na mtoto wao.

Mama mkwe alitoka wa mwisho. Alikuwa amebeba chungu kilichovunjika mdomo, na ndani yake kinyesi cha ng'ombe kikifuka pole pole juu ya kaa la moto.

"Mama, kiache," Msengi alisema.

"Nikiache nani akitunze?"

"Mimi ninayo mawe. Tukihitaji moto nitauwasha, tukimaliza nitauzima. Moshi huo utaonekana."

"Baba yako aliota moto huu. Babu yako aliota moto huu. Nyumba hii haijawahi kuomba, wala haijawahi kuzima. Nikirudi na jiko baridi nitakuwa nimerudi kwa nani?"

Siwezi kusema alikuwa mjinga. Watu wasiotoka kwetu husema hivyo nikiwasimulia. Kwetu jiko lililozimika lilikuwa nyumba iliyokufa, na mwanamke yule alikuwa ameshazika mume na watoto wanne, amebakiwa na Msengi na moto. Hakuweza kuchagua kimoja akaacha kingine. Msengi alimtazama, akachukua mzigo wake wa mtama akaongeza na wa mama yake, akatangulia. Hakuwa mtu wa kumshinda mama yake kwa maneno.

Tulikaa mle majabalini siku chache. Mchana tulilala, jioni Msengi aliwasha moto wake mdogo katikati ya mawe mawili, tukapika haraka, akauzima kwa mchanga. Chungu cha mama mkwe kilikaa kwenye ufa wa jabali, kikifuka uzi mwembamba wa moshi. Ukiwa karibu usingeutilia maanani. Hapakuwa na upepo.

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Shila alikuwa ameteremka kuchota maji.

Tulisikia jiwe linabingirika chini yetu. Halafu jingine.

Msengi alichungulia. Akarudisha kichwa, akatazama juu. Nikafuata macho yake. Moshi ulikuwa umesimama wima juu ya ufa, mweupe, hauyumbi.

Mama mkwe akakivuta chungu chake kifuani.

Askari walikuwa wanapanda. Mbele yao walimsukuma Shila, mikono imefungwa nyuma. Sare zao zilikuwa matambara, na mpaka leo sijui walikuwa wa Mdachi au wa Mwingereza. Waliongea Kiswahili. Hiki Kiswahili ninachokitumia kusimulia nilikuja kukipata baadaye Kiomboi, nilipokuwa nafua mashuka ya hospitali. Siku ile kilikuwa kelele tu.

Msengi angeweza kukimbia. Nyuma yetu palikuwa na njia ya mbuzi, na miguu yake nilikuwa naijua. Lakini wangefika wangetukuta.

Akavua kifuko cha ngozi shingoni, chenye jiwe na tupa na pembe. Akakiweka mapajani mwangu.

"Kitambaa kisilowe," akasema.

Akasimama, akainua mikono, akatoka kwenda kuwalaki.

Hawakutufikia. Walikuwa wamepata walichotaka, mabega mawili zaidi. Nilimwona anashuka kati yao, kichwa chake juu ya vichwa vyao, mpaka miiba ikamfunika. Hakugeuka. Nilikasirika kwa nini hakugeuka, nikakaa na hasira ile muda mrefu, mpaka nilipoelewa kwamba angegeuka wangetazama alikotazama.

Mama mkwe alikuwa amekumbatia chungu chake. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Ule moshi ulikuwa unamwingia machoni, naye hakuusogeza.

Kundi lile la Wadachi lililizunguka boma siku kadhaa, halafu likaondoka kwenda kaskazini, na majeshi mengine yakapita yakilifuata. Tukarudi nyumbani. Ghala lilikuwa tupu, ng'ombe wawili tu walibaki waliokuwa wamepotelea porini. Mama mkwe akaweka kaa lake jikoni, akapuliza, moto wa ukoo ukawaka kama kawaida. Nilitaka kuupiga teke. Nakwambia kweli, mguu wangu uliinuka. Nikaenda zangu nje nikashika tama kwenye kinu.

Siku zile nilikuwa nakaa kando ya njia. Nikimaliza kazi nakwenda, nakaa. Mke wa Shila naye alikuwa akija, tunakaa wawili hatusemi. Kila mtu mrefu akitokea mbali moyo unanidunda, akikaribia si yeye, namchukia mtu wa watu asiye na kosa. Blanketi lake lilikuwa na harufu yake, nikawa silifui, nalitumia kidogo kidogo, maana niliona nikilivuta sana harufu itakwisha. Ilikwisha hata hivyo. Nilianza kusahau sauti yake kabla sijasahau kitu kingine chochote. Kicheko nilikikumbuka, pengo nililikumbuka, lakini maneno yake yakawa yananijia kwa sauti yangu mimi.

Na mama mkwe tuliishi nyumba moja kama watu wa vijiji viwili. Leta maji. Chota unga. Ng'ombe wamerudi. Tumbo langu lilipojitokeza aliliona, akasimama akashika boriti ya tembe, akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Kuanzia siku ile alinipunguzia mizigo na kunipa sehemu yake ya maziwa, na mimi nikala bila kushukuru.

Mvua za kwanza zilipoanza, wapita njia wakasema msako umekuja tena, safari hii wa serikali. Vita vya kusini vinakula wapagazi kama mchwa anavyokula boriti, wakasema, na wakikosa wanaume wanabebesha hata wanawake nafaka mpaka kwenye kambi. Sikuwa na uhakika kama ni kweli. Hakuna aliyengoja kujua. Watu wakatawanyika, kila nyumba na shimo lake, na mke wa Shila akakimbilia kwao mbali. Mimi na mama mkwe tukapanda tena majabalini, mimi na tumbo langu, yeye na chungu chake. Sikumwambia kiache. Sikumwambia neno.

Alasiri ya siku ya pili mvua ilishuka kama iliyomwagwa. Tulikuwa chini ya jabali lililoinama, lakini maji yalitoka juu yakapita katikati yetu yakitafuta njia, na chungu kilikuwa njiani. Mama mkwe alikirukia. Alikiinua, akakikumbatia, akaingiza mkono ndani. Alipoutoa ulikuwa na matope meusi.

Alikaa chini pale pale katika maji. Hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa chakula.

Mimi nilikuwa nimeanza kuumwa tangu asubuhi. Nilikuwa nimenyamaza. Wakati ule uchungu ulinikamata kiunoni nikashindwa kunyamaza.

Kwetu mwanamke hakuzalishwa na mama mkwe wake. Ni aibu kwa wote wawili. Lakini hapakuwa na mtu mwingine duniani. Alinitazama, akakiweka chungu kando, akaja.

Baridi ilikuwa kali. Nguo zetu zimelowa, meno yananigonga, na mwili ukitetemeka namna ile hausukumi. Alinifunika ngozi yake aliyokuwa amekalia. Akanipapasa tumbo, akanipapasa miguu.

"Huyu mtoto atazaliwa katika maji," akasema. "Atakufa kwa baridi."

Nikashika kifuko shingoni. Nta ya pembe ilikuwa haijafunguka. Nilijaribu kushika jiwe, uchungu ukaja, likaniponyoka.

"Mama," nikamwambia. "Washa wewe."

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Kwenye ufa ule pana kiota cha ndege, kikavu. Kilete. Weka kitambaa juu ya jiwe, kibane. Halafu kwangua."

Alikileta. Alipiga, akajipiga kidole, akatoa neno ambalo sikujua kama analijua. Akapiga tena, kitambaa kikaanguka kwenye unyevu.

"Hicho kimekwisha. Toa kingine. Usipige, mama, kwangua! Kama unakwangua ukoko chunguni!"

"Chungu changu hakina ukoko!" akafoka.

Mungu anisamehe, nilicheka. Katikati ya uchungu ule, nilicheka mpaka nikalia, na nilipokuwa nalia nilikuwa namlilia Msengi, maana yeye ndiye angestahili kulisikia jibu lile.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinama, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akakwangua. Akakwangua. Nilikuwa nasikia chuma, halafu uchungu, halafu chuma.

Kikabaki kipande kimoja cha kitambaa.

Nikamwambia hicho ndicho cha mwisho. Akaniambia ninyamaze.

Cheche ikatua.

Alikifunika kiganjani kama mtu aliyemkamata panzi. Akakitia ndani ya kiota, akapuliza, akapuliza, na moshi ulipotoka akafumba macho, akaendelea kupuliza. Moto ukashika.

Binti yangu alizaliwa kabla mvua haijakatika. Alitoka amenyamaza, rangi ya midomo siyo. Mama mkwe aliweka mikono yake juu ya moto mpaka nikaona atajiunguza, halafu akaileta kwenye mwili wa mtoto, akamsugua mgongo, akairudisha kwenye moto, akamsugua tena. Sijui ilikuwa mara ngapi. Mtoto alipolia, yule mwanamke alitoa sauti kama aliyepigwa.

Nikalala na mtoto kifuani. Nilipofumbua macho niliona mama mkwe ameketi upande wa pili wa moto, kitambaa chake cha kichwani mkononi, anapepea. Hakuwa anapepea moto uwake. Alikuwa anautawanya moshi usipande. Kila ulipotaka kusimama aliukata, kushoto, kulia, na alipepea hivyo mpaka kuni zikabaki makaa matupu. Nilimtazama. Nilikuwa namchukia kwa miezi mingi, na pale nilichoka.

Tulimwita mtoto Mbula, ndiyo mvua kwa lugha yetu.

Tuliporudi Kinyangiri jiko la ukoo liliwashwa kwa moto ule wa mawe. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeubeba. Mke wa Shila aliporudi, akaja na kigae chake, alipewa kaa kabla hajakaa, akashangaa mpaka akasahau kuondoka. "Moto huu mmeutoa wapi, na chungu nasikia kilizimika?" akauliza. Mama mkwe akamjibu, "Kwa mwanangu." Nikaingia ndani ili nisionekane uso.

Baadaye ikaja njaa, na nyuma ya njaa ikaja homa ya mafua iliyopita nyumba hadi nyumba. Hayo sitayasimulia, yana wenyewe wa kuyasimulia. Sisi watatu tulipona, sijui kwa nini sisi. Vita vilikwisha, wakatuambia, na wapagazi wakaanza kurudi mmoja mmoja, mifupa inayotembea, wengine wakipita nyumba zao wenyewe bila kuzitambua. Mimi nikarudi kukaa kando ya njia, sasa nikiwa na Mbula anayetambaa, halafu Mbula anayesimama, halafu Mbula anayekimbia. Nilimfundisha kusema baba. Alikuwa anawaambia wote waliopita.

Shila alirudi mchana, kiangazi. Mkewe alimpitisha kwetu kwanza, kabla hata hajanywa maji. Alikuwa mwembamba, anakohoa, na alipoingia hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Akasema. Walibebeshwa mizigo na wale wa kwanza, wakaachwa porini, wakakamatwa na wa pili, wakapelekwa kusini mpaka nchi ya mto mkubwa na matope. Msengi alibeba mzigo wake na alipoweza akabeba na wa Shila. Kisha mvua za kule zikaja, tumbo la kuhara likawashika watu, likamshika naye. Alikufa chini ya mti, mchana. Walimzika na wengine.

Mama mkwe alikuwa ametazama chini muda wote. Akauliza kitu kimoja.

"Alikuwa na moto?"

Shila akageukia mlango.

"Nakuuliza. Alikufa anaota moto?"

"Kila kitu kilikuwa kimelowa, mama. Viberiti walikuwa navyo wakubwa tu. Alikuwa anatetemeka sana. Alikuwa akisema, laiti ningekuwa na mawe yangu. Alisema mara nyingi." Akakohoa, akatutazama, nadhani akaona nyuso zetu. "Lakini hata angekuwa nayo, walikataza moto. Adui alikuwa karibu. Wangemzuia."

Sijui kama alisema kweli au alituhurumia. Nilitaka kumuuliza tena na sikumuuliza, na Shila hakukaa sana, kikohozi kilimchukua mwaka ule ule.

Alipotoka tukabaki wawili. Mama mkwe akainua macho akanitazama, nami nikamtazama. Neno langu lilikuwa tayari ulimini: chungu chako ndicho kilichowaita. Na lake nililiona limesimama usoni pake kama maandishi: mawe yake yalikuwa shingoni mwako. Lilikuwa jambo la kufumbua mdomo tu. Kila mmoja angemmaliza mwenzake pale pale.

Mbula akaingia, vumbi mpaka kope, akasema ana njaa.

"Mpe mtoto uji," mama mkwe akasema.

Nikampa uji.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Walitaka kunirithisha kwa ndugu wa ukoo, mama mkwe akawafukuza kwa mwiko wa ugali, na mimi sikuolewa tena. Tulikula chungu kimoja, tulilima shamba moja, tuliuguzana. Neno lile hakulisema, nami sikulisema. Alipokuwa anakaribia kufa aliniita nisogeze sikio, nikaogopa kwamba sasa analitoa, au ananitaka mimi nilitoe langu kabla hajaenda. Aliomba maji. Nikampa, akanywa, akanishika kifundo cha mkono mpaka akalala.

Watu huniuliza vita vile vilichukua nini kwangu, nami nawajibu mume. Ni jibu fupi, wanaridhika. Sijawaambia kwamba nimejaribu kuvipima na vinanishinda. Mawe yale yangebaki shingoni kwake, labda angeota moto kule matopeni, labda angerudi, labda ningekuwa naye sasa, mzee mwenye mapengo mengi zaidi. Namtaka Msengi. Nalisema bila haya, namtaka mpaka leo, namtaka mchana nikiwa na kazi mkononi na namtaka nikiwa nimekaa tu. Lakini yangebaki kwake, Mbula asingepata hata jina. Kwa hiyo nikikaa peke yangu hapa uani na kuanza tena, laiti asingenipa, laiti angeyavaa, nafika hapo hapo nilipofika jana, na Mbula huniita kula, nami huinuka nikaenda.